Mumiani Hana Mabawa: Hofu ya Kunyonywa Damu na Kazi ya Mhudumu wa Afya

Mwaka 2012 mwongozaji wa filamu wa Ufilipino, Erik Matti, alitoa filamu iitwayo Tiktik: The Aswang Chronicles. Kijana wa mjini, mwenye maneno mengi kuliko busara, anasafiri hadi kijijini kumbembeleza mchumba wake mjamzito ili warudiane. Kabla ya usiku kwisha, nyumba ya wakwe imezingirwa na aswang, viumbe wa masimulizi ya Kifilipino walao nyama ya watu na kunyonya damu, ambao windo lao kuu ni mtoto aliye tumboni. Silaha za kuwakabili ni za jikoni na za pwani: chumvi, kitunguu saumu, na mkia mkavu wa samaki aitwaye taa. Mtazamaji hushtuka na kucheka kwa zamu, kwa kuwa msaka wanyonya damu huyu ni mtu wa kawaida kabisa, asiyejua afanyalo, akilinda tumbo la mama wa mtoto wake kwa vitu vya kabatini.

Ucheshi huo unawezekana kwa sababu aswang ana kanuni zake. Katika masimulizi ya Ufilipino, sauti yake ya tik-tik ikisikika kwa nguvu yuko mbali, ikififia amekaribia. Aina mojawapo, manananggal, hujigawa kiunoni, nusu ya juu ikaota mabawa kama ya popo na kuruka, nusu ya chini ikabaki imesimama. Atakayeipaka chumvi hiyo nusu iliyobaki amemmaliza. Watu wa mwambao watakumbuka hapa Popobawa, aliyetikisa Pemba na Unguja mwaka 1995, habari zake zikavuka bahari hadi Dar es Salaam. Popobawa ana maelezo yake ya kitabibu, hasa ile hali ya mtu kuzinduka usingizini akili ikiwa macho na mwili haujaachiwa kusogea, ambayo wazee waliiita jinamizi. Lakini huyo si mada ya makala haya.

Kariakoo imechangia sana kuifanya hofu ya namna hii kuwa burudani. Kwa miaka mingi maduka ya mitaa yake yamekuwa ghala la filamu, kwanza za kanda, kisha za diski. Humo ziliuzwa filamu za nje zilizosimuliwa kwa Kiswahili na mafundi wa sauti kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambao hawakutafsiri tu bali walitia chumvi, mizaha na matusi ya kistaarabu, kiasi kwamba mnyonya damu wa Ulaya au Asia alionekana kama jirani wa Manzese. Miaka ya 2000 wasanii wa Tanzania nao wakaingia uwanjani: Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi zilileta mizimu, majini na damu katika nyumba za Kiswahili, watu wakajazana kwenye mabanda ya video kupiga mayowe na kucheka.

Hata hivyo, yuko mnyonya damu mmoja ambaye hachekwi hivyo katika Afrika Mashariki, naye ni mumiani. Hana mabawa, hana meno marefu, hakimbizwi na kitunguu saumu. Sifa zake, kwa mujibu wa wanaomsimulia, ni hizi: anakuja na gari, mara nyingi usiku, ana vifaa visivyojulikana, sindano, chupa na mipira, amevaa sare au koti, ana karatasi za ruhusa kutoka serikalini, na haelezi vizuri damu inapelekwa wapi. Msomaji ambaye ni mhudumu wa afya asome tena orodha hiyo polepole. Aswang hufanana na jirani aliyegeuka zimwi. Mumiani hufanana na mtumishi wa afya aliye kazini.

Neno lenyewe lina historia ya dawa. Mumia katika Kiajemi na Kiarabu ni lami nyeusi itokayo kwenye miamba, iliyosafirishwa hadi pwani yetu na kutumiwa kwa mifupa iliyovunjika na maumivu ya viungo, kwa kupaka au kwa kunywa pamoja na samli. Kamusi ya Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939, inaeleza dawa hiyo, kisha inaongeza kwamba wenyeji wengi waliamini kuwa ni damu ya binadamu iliyogandishwa, na kwamba uvumi wa kutafutwa kwa mumiani ukizuka watu walijifungia ndani baada ya jua kuzama. Wanaoibeza imani hiyo wakumbuke jambo moja: wauza dawa wa Ulaya, kwa karne kadhaa, waliuza unga wa maiti zilizokaushwa za Misri kama dawa, na jina la bidhaa hiyo lilitokana na neno lilelile. Wazo kwamba mwili wa mtu mmoja unaweza kugeuzwa dawa ya mwingine, mwenye fedha zaidi, halikuzuka Uswahilini.

Ukoloni uliongeza gari. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi wa wanyonya damu, ameonyesha jinsi wazimamoto wa Nairobi na Kampala walivyodhaniwa kukamata watu usiku na kuwatoa damu. Kwetu majina yalikuwa mumiani na chinjachinja. Kwa Zambia ya leo, banyama. Magari mekundu, mipira mirefu, watu wenye sare wanaotoka mbio gizani: hofu ilipata umbo lililo tayari. Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, ambao kambi yao ilikuwa hapo baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Wapagazi hao walikufa kwa wingi katika vita ile, wengi wao kwa kuhara damu na malaria kuliko kwa risasi. Mtaa ulioitwa kwa jina la watu ambao miili yao ilitumika hadi ikaisha haukuhitaji kufundishwa maana ya kunyonywa. Mwaka 1959, Buguruni, kilomita chache kutoka hapo, ghasia za mumiani zilisababisha kifo cha askari polisi.

Kwa bahati mbaya si historia tu. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili na dereva wao kutoka Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na kuchomwa moto na wanakijiji waliowadhania kuwa wanyonya damu. Walikuwa wamefuata udongo. Mwaka uliofuata, kusini mwa Malawi, katika wilaya za Mulanje na Phalombe, uvumi wa aina hiyohiyo uliwaua watu kadhaa mikononi mwa makundi yenye hasira, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika maeneo hayo. Mtu anayesema kuwa mumiani hayupo anasema kweli, lakini waliokufa kwa ajili yake wapo makaburini.

Hapa ndipo taaluma ya afya inapopaswa kujitazama, na mfano ulio wazi kuliko yote ni ugonjwa wa matende na mabusha. Vimelea vyake, Wuchereria bancrofti, huishi kwenye mishipa ya limfu, na watoto wao wadogo mno huingia katika damu ya juu juu wakati wa usiku, hasa kati ya saa nne usiku na saa nane. Mchana hujificha katika mishipa ya mapafu. Sababu ni kwamba mbu anayewaeneza mjini, Culex, huuma usiku. Vimelea vimejipanga kumpokea msafirishaji wao. Kwa miongo mingi, basi, mtaalamu aliyetaka kuviona kwa hadubini alilazimika kubisha hodi usiku wa manane, akiwa na gari, taa, sindano na vipande vya kioo, na kuomba damu. Kitabibu hakuna kosa hata moja hapo. Kimasimulizi, ni mumiani mtupu, kila kipengele mahali pake. Siku hizi kipimo cha haraka kinachotafuta chembe za kimelea katika tone la damu ya kidole hufanya kazi saa yoyote, na pale kinapotosha hakuna haja ya kuwaamsha watu. Inapobaki lazima kwenda usiku, mjumbe wa mtaa atangulie, mchana, na wenyeji waonyeshwe vifaa kabla ya giza kuingia.

Kuchangia damu kuna mitego yake pia. Wa kwanza ni rangi. Damu inayotoka kwenye mshipa wa mkono ni nyeusi kidogo, si nyekundu kama ya kidonda cha kisu kwenye filamu, na wapo wachangiaji wanaoondoka wakiamini kuwa damu yao ni mbovu au imetiwa kitu. Ukweli ni kwamba damu ya vena imekwisha kugawa oksijeni yake mwilini na inarudi kwenye mapafu kuchukua nyingine. Ikikutana na hewa hung'aa tena. Sentensi hiyo moja, ikisemwa wakati mfuko unajaa, huondoa hofu ambayo mchangiaji angeibeba nyumbani bila kuuliza.

Mtego wa pili ni kuzimia. Wachache miongoni mwa wachangiaji, hasa vijana, wanaochangia kwa mara ya kwanza na wenye woga, hupata kizunguzungu: mapigo ya moyo hupungua ghafla, mishipa ya damu hutanuka, shinikizo la damu hushuka, ubongo hukosa damu ya kutosha kwa sekunde chache, mtu akaanguka. Mara nyingi kinacholeta hali hiyo ni neva kuliko kiasi cha damu kilichotoka; kuna wanaozimia kwa kuiona sindano tu. Akilazwa chali, miguu ikiinuliwa, hurudiwa na fahamu haraka. Lakini katika masimulizi ya mumiani, mtu anayekamatwa huishiwa nguvu, akalegea, akashindwa kupiga kelele. Kijana mmoja akianguka mbele ya umati katika banda la kuchangia damu lililowekwa pembeni mwa soko, kazi ya wiki nzima ya uhamasishaji inaweza kuharibika kwa dakika moja. Kinga yake ni ya bei ndogo: mchangiaji awe amekula, anywe maji yapatayo nusu lita muda mfupi kabla ya kutoa, akae dakika kumi na tano baada ya kumaliza, na vitanda visiwekwe mahali ambapo walio kwenye foleni wanatazamana na sindano.

Wa tatu ni kiasi. Mtu mzima ana takriban lita tano za damu. Mfuko mmoja hubeba mililita 450, yaani chini kidogo ya chupa ya maji ya nusu lita. Sehemu ya majimaji hurudi mwilini ndani ya siku moja au mbili kwa kula na kunywa. Chembechembe nyekundu hujazwa na uboho wa mifupa kwa muda wa wiki nne hadi nane. Kwa kulinganisha, mtu mwenye minyoo mia moja ya safura aina ya Ancylostoma duodenale hupoteza kati ya mililita 15 na 20 za damu kila siku. Kwa mwezi mmoja minyoo hiyo imechukua mfuko mzima, haikumpima kwanza, haikumpa soda, na mwezi ujao itarudia. Huyo ndiye mnyonya damu ambaye kidonge cha albendazole humfaa kuliko chumvi.

Swali kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni lile la zamani: inapelekwa wapi? Katika hadithi ya mumiani damu hupotea. Hutoka kwa maskini, ikaingia ndani ya gari, isionekane tena. Kwa hiyo njia ya damu ielezwe yote, bila kuruka hatua. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianzishwa mwaka 2004, na kituo chake cha Kanda ya Mashariki kiko Mchikichini, Ilala, mwendo wa miguu kutoka sokoni Kariakoo. Mfuko una dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo hufanya kazi kwa kuishika kalisi iliyomo katika damu, na una namba badala ya jina. Damu hupimwa kundi, kisha virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Iliyopita hugawanywa: chembechembe nyekundu huhifadhiwa kwenye jokofu lenye nyuzi 2 hadi 6 kwa muda usiozidi siku 35, chembe sahani, zinazosaidia kuzuia damu isivuje, hukaa siku tano tu, zikitikiswa muda wote, majimaji, yaitwayo plazma, hugandishwa na huweza kufikia mwaka. Wodini hupimwa tena pamoja na damu ya mgonjwa ili kuhakikisha vinapatana. Damu haiuzwi. Mhudumu anayemdai ndugu wa mgonjwa fedha ili mfuko utoke benki ya damu anavunja utaratibu, na zaidi ya hapo anathibitisha hadithi yote ya mumiani kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna bango la uhamasishaji litakaloweza kulifuta hilo.

Ni nani huipokea? Aswang wa filamu humnyatia mama mjamzito. Katika hospitali zetu, mama huyohuyo ndiye mwenye haja kubwa kuliko wengi. Ujauzito ukikomaa, nusu lita ya damu au zaidi hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Kondo likitoka na misuli isipokaza, mama anaweza kufariki ndani ya saa mbili, na hakuna muda wa kwenda kutafuta ndugu wa kuchangia Mbagala wakati foleni ya magari imesimama. Damu inayomwokoa ni ile iliyokuwa kwenye jokofu tangu wiki iliyopita. Wengine ni watoto wenye malaria kali: mtoto wa kilo kumi aliyeishiwa damu huhitaji kiasi cha mililita 200 za damu nzima, kwa hiyo mfuko mmoja wa mtu mzima unaweza kuwafaa wawili. Na wako watoto wa selimundu, ambao nchini Tanzania wanakadiriwa kuzaliwa 11,000 kila mwaka. Baadhi yao huhitaji damu si mara moja bali maishani.

Jinsi ya kuzungumza na mwenye hofu ni kazi ya ufundi, na dhihaka haimo. Mgonjwa anaposema, "Mnatoa damu nyingi, mnauza," jibu la "Acha ushirikina, mama" humfunga mdomo bila kumfungua moyo. Muuguzi mzoefu hujibu namna nyingine: "Shikamoo, mama. Ni haki yako kuuliza. Hiki kichupa ni cha kijiko kidogo kimoja cha chai, hujazwa nusu tu. Hiki chenye kifuniko cha zambarau ni cha kuangalia wingi wa damu, hiki chekundu ni cha ini. Jina lako hili hapa, lisome. Majibu utayapata saa nane, na kilichobaki kitateketezwa, hakirudi kwa mtu." Maelezo hayo huchukua chini ya dakika moja. Mama aliyeona jina lake juu ya kichupa amekwisha kuiona damu yake ikienda mahali.

Nao wasimulizi wa filamu wana nafasi yao, ambayo taasisi za afya hazijaitumia vya kutosha. Mtu anayeweza kumfanya mnyonya damu achekwe katika banda lililojaa anajua kitu ambacho mabango yetu hayajui: kwamba hofu hulegea inapopewa sura, kanuni na mahali pa kuishia. Filamu ya dakika kumi inayofuata mfuko mmoja kutoka mkono wa muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo hadi wodi ya wazazi, ikisimuliwa kwa mizaha ya Kariakoo, ingefika mbali kuliko kijarida cha kurasa nane.

Kwa anayetaka kuchangia, masharti ni machache: umri kati ya miaka 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50, damu ya kutosha kwa kipimo cha himoglobini, na afya njema siku hiyo. Wanaume wanaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu, wanawake minne. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Bandeji iondolewe baada ya saa chache, maji yanywewe kwa wingi kuliko kawaida, na mkono uliotobolewa usinyanyue kitu kizito siku hiyo, kwa kuwa mshipa unaweza kufunguka na kuvilia damu chini ya ngozi; mchukuzi wa sokoni aliyechangia asubuhi amwachie mwenzake mkokoteni hadi kesho.